Sufuria Kutoka Ambondrona

Mchangama alikataa kumpa mchukuzi mzigo wake. Tangu pwani hadi mlangoni kwake aliibeba sufuria ile ya shaba begani, mrija wake mrefu ameukumbatia kwapani, na kofia ya sufuria, yaani kifuniko chake, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, ameivaa kichwani mwenyewe. Mahajanga si mji wa kupita hivyo usiulizwe. Waliuliza wauza samaki, wakauliza wapakia mchele, akauliza hata askari wa malkia aliyekuwa akitafuna muwa kivulini. Wote aliwajibu jibu moja: "Ya marashi." Na wote walivuta hewa puani wakacheka, kwa maana sufuria yenyewe ilikuwa ikinuka toaka, ile pombe ya miwa, tena ilinuka tangu mbali.

Mkewe Sittina alimpokea uani. Aliinama, akaingiza kichwa ndani ya sufuria, akakitoa haraka.

"Bwana," akasema, "umeniletea chombo au umeniletea mlevi?"

"Ataoshwa, atatubu," akajibu Mchangama. "Ona shaba ilivyo nene! Gonga. Gonga usikie."

"Umeipata kwa nani?"

"Kisiwani Nosy Be, kule Ambondrona. Kuna mgeni mmoja alikuwa na shamba la miwa, sasa anahama. Nimemzibia nyufa za mashua yake nzima kwa kalafati, siku ishirini. Siku ya kulipana nikamwambia, sitaki kitu kingine, nipe hii."

"Akakupa tu?"

"Alinisaidia hata kuibeba mpaka majini."

Hapo ndipo Sittina alipoingiwa na shaka. Mtu akikusaidia kuondoa mali yake mwenyewe, mali hiyo ina neno. Lakini alimtazama mumewe, alivyokonda kwa siku ishirini za kupiga nyundo juani, na alivyokuwa akicheka peke yake kwa furaha ya kumletea mkewe kitu alichokihitaji, akaona si saa ya kusema. Alimpenda sana wakati ule, na akamwekea maji ya kuoga.

Haja yenyewe haikuwa ndogo. Marashi ya msikiti yalikuwa yakitoka katika nyumba ile tangu enzi za bibi yake Sittina: ya Maulidi, ya harusi, ya kuoshea maiti. Yeye ndiye aliyejua kukeneka, yaani kuchemsha waridi na mkadi ndani ya sufuria iliyofunikwa, mvuke ukapita mrijani, ukapozwa na maji baridi, ukadondoka chupani tone kwa tone. Mwezi uliopita sufuria ya urithi ilitoboka kitako, ikawa haina dawa. Sasa Maulidi ilikuwa imebakiza siku tisa, na waridi za uani zimekwisha toa matumba. Shangazi yake Mchangama, Bi Kultumu, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mwaka huu marashi yaagizwe kwa mkwewe, anayeyaleta kutoka Muskati ndani ya chupa. Na yakiagizwa mwaka mmoja, nani atarudi kwa Sittina mwaka wa pili? Kazi ile ndiyo iliyomfanya aitwe Mwana Sittina mji mzima. Bila kazi ile angekuwa mke wa fundi kalafati, basi.

*

Kesho yake aliikagua sufuria kama mtu akaguavyo mchumba wa binti yake. Kwanza aliiinua juani akachungulia ndani, atafute tundu la mwanga, halikuwapo. Akaijaza maji, akaiweka juu ya majivu makavu, akaiacha mpaka adhuhuri. Majivu yalibaki makavu. Ndani, chini ya shingo, aliona kutu ya kijani kama ukungu wa mkate. Hiyo aliijua tangu kwa mama yake: ni sumu, haichezewi. Aliisugua kwa ndimu na chumvi na mchanga mwembamba mpaka mikono ikamwasha, akayamwaga yale maji ya kijani mbali na kuku.

Palipomtatiza ni mahali mrija ulipoungana na kofia. Paliwahi kuvunjika, pakaungwa tena kwa kitu cha kijivu, kinene, kimepakwa ovyo kama uji. Alikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama.

"Hii ni nini, bwana?"

"Risasi," akasema Mchangama. "Mafundi wote huunga kwa risasi iliyoyeyushwa. Inashika vizuri."

Sufuria ya mama yake haikuwa na risasi popote, ila mumewe ndiye fundi. Aliendelea kusugua.

Alasiri Bi Kultumu aliingia bila hodi, kama ilivyo haki ya shangazi, akiwa amefuatana na Mwalimu Useni wa msikiti. Ilionekana wazi kwamba mzee yule ameburutwa. Bi Kultumu alisimama hatua tano kutoka kwenye sufuria, akajifunika pua kwa ncha ya shiraa, shuka lake la kujitandia.

"Mwalimu, nusa mwenyewe. Chombo cha toaka! Na humu ndimo yatoke marashi ya kumswalia Mtume?"

"Shangazi, nimeiosha mara tatu," akasema Sittina.

"Hata ukiiosha mara sabini. Mkwe wangu ana chupa zimefungwa kwa nta, safi, hazijaguswa na mkono wa mtu."

"Zimejazwaje huko Muskati bila mkono wa mtu?" akauliza Mchangama, akatupiwa jicho na mkewe, akakoma.

Mwalimu Useni alikikuna kidevu. Alikuwa mtu asiyependa kugombana na wanawake wawili kwa wakati mmoja.

"Shaba hainywi," akasema hatimaye. "Najisi ikiondoka rangi, harufu na ladha, imeondoka. Basi fanyeni hivi. Alhamisi, kabla ya Maulidi, nitakuja hapa na Bi Kultumu. Mwana Sittina atakeneka mbele yetu. Tutayanusa, tutayaonja. Yakiwa mema, yatakwenda msikitini. Yakiwa na neno, tutachukua ya Muskati, na lawama isiwepo."

Walipoinuka kwenda zao, Sittina alichukua mrashi, ile chupa ya fedha yenye shingo nyembamba, akawanyunyizia viganjani tone la mwisho la marashi ya zamani. Ndiyo desturi ya nyumba za Waislamu wa mji ule: mgeni haondoki na mkono mkavu. Bi Kultumu alipokea, akajipaka usoni, na hata hapo akapata la kusema. "Haya ndiyo marashi," akasema.

*

Jumatatu walijaribu kwa maji matupu. Kuziba ilikuwa kazi ya Mchangama, na hapo hakutaka shauri la mtu. Miaka kumi na minane alikuwa akiziba mashua. Alisokota pamba, akaishindilia kwa patasi kati ya kofia na tumbo la sufuria, nyundo ikilia ko, ko, ko. Juu yake akapaka deheni, chokaa iliyopondwa na mafuta ya papa, tabaka tatu. Akafunga kamba ya katani kuizunguka, akaikaza kwa mguu.

"Mama yangu alikuwa akipaka unga tu," akasema Sittina.

"Unga!" Mchangama alicheka. "Nitie unga kwenye mashua uone utafika wapi. Hapa, bibi we, halitapita hata tone."

Na kweli halikupita. Moto uliwashwa, maji yakaanza kunguruma, na pale kwenye kiungo hapakutoka hata mvuke wa kulowesha unyoya. Mchangama alizunguka sufuria akiisifu. Harufu ya papa ilijaa ua mzima. Sittina yeye alikuwa akitazama kwingine, kwenye mdomo wa mrija, alikokuwa amekinga bakuli.

"Bwana, mbona huku pia hakutoki kitu?"

"Subiri."

Walisubiri. Sufuria ilianza kutikisika juu ya mafiga. Kitako chake kikatoa mlio kama wa ng'ombe aliyekabwa. Sittina alizivuta kuni kwa mikono, akapiga kelele, "Toka hapo!" na Mchangama, jambo ambalo hakulizoea, akamtii mkewe bila kuuliza. Alikuwa amefika mlangoni kofia ilipofyatuka. Ilipaa ikapiga ukingo wa paa, ikavuka kitalu, ule uzio wa makuti, ikaanguka kwa jirani, katikati ya kuku wa Bi Kultumu. Maji ya moto yalimwagika ua mzima. Mchangama aliungua mkono mmoja, si sana, na nusu ya ndevu zake ikanywea. Deheni iliruka ukutani, ikabaki pale alama ya miaka.

Bi Kultumu alisimama upande wa pili wa kitalu, kofia ya shaba miguuni pake, majogoo wakipiga kelele.

"Hiyo toaka," akasema, "imeshikwa na pepo wake."

Kufika alasiri mji mzima ulikuwa unajua. Bandarini wenzake Mchangama walimuuliza kama sasa anatengeneza mizinga. Alicheka pamoja nao, kwa kuwa hakuna njia nyingine, lakini nyumbani alikaa kizingitini ameushika mkono wake uliopakwa asali.

"Ningekuua," akasema baadaye.

"Hukuniua."

"Siku ishirini, Sittina. Nimeleta kitu cha kukuua."

Sittina alikuwa ameuchukua mrija na kuuchokoa kwa kijiti. Lilitoka donge la udongo: nyigu alikuwa amejenga nyumba humo. Jambo dogo, la kuzibuliwa kwa pumzi moja, nao hawakupuliza. Alijilaumu mwenyewe kuliko alivyomlaumu mumewe. Kisha akavaa shiraa yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mtu anayejua vyombo hivi," akasema. "Antanimasaja. Kwa Soazafy."

Mchangama aliinua uso. Soazafy alikuwa mwanamke wa Kisakalava aliyekeneka toaka nyuma ya mji, na wake za Waislamu hawakupita njia yake hata kwa makosa.

*

Njia ya Antanimasaja inapita mbele ya milango kumi na minne ya watu wanaomjua Sittina. Aliihesabu. Katika kila mlango aliamkia, na katika kila mlango waliacha walichokuwa wakifanya ili waone anakata kona gani.

Soazafy alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake akichambua mchele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala mapajani. Mji mzima ulijua kwamba mkono ule umekufa, na mji mzima ulijua sababu: adhabu ya toaka.

"Mbola tsara," akaamkia Sittina, akaendelea kwa Kisakalava, lugha ambayo kila mtu wa mji aliisema akishatoka nje ya mlango wa msikiti.

"Mbola tsara," akajibu Soazafy. Hakumkaribisha kukaa. Aliendelea na mchele wake kwa muda mrefu, na Sittina akasimama juani, nje ya uzio, kwa sababu alijua anadaiwa nini. Miaka mitatu nyuma Soazafy alifika kwake kununua marashi ya kumzikia mama yake. Sittina alimpa chupa kwa juu ya kitalu, akapokea kuku aliyeletwa, akafunga mlango. Hakumwambia karibu. Hakumnyunyizia hata tone.

"Nimesikia kishindo," akasema Soazafy mwishowe. "Nikasema, mzungu amekuja kuuteka mji."

"Ilikuwa sufuria yangu."

"Najua ilikuwa sufuria yako. Nani hajui? Mume wako ameziba kwa kitu gani?"

"Pamba na deheni."

Soazafy aliacha mchele. Alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa bega, akasogeza mkeka kwa mguu. "Ingia ukae, mwanamke wewe. Utaungua jua." Sittina aliingia, akakaa.

"Sikiliza. Mashua ina maji nje, unayazuia yasiingie. Sufuria ina moto ndani, unataka njia ya kutoka. Ukiinyima njia yake, itatafuta nyingine. Mimi napaka unga wa mchele, umekandwa laini, basi. Mrija ukiziba, unga unapasuka kwanza, unasikia fyuuu, unatoa moto, unakwenda zako ukiwa na macho mawili. Na kila siku kabla ya kuwasha unapuliza mrijani. Kila siku. Hata kama jana ulipuliza."

"Nilijua unga. Nilimwachia mume wangu kwa kuwa ni fundi."

"Wote tunawaachia." Soazafy akamtazama vizuri. "Sufuria yenyewe imetoka wapi?"

"Nosy Be. Ambondrona, kwa mwenye miwa."

Uso wa Soazafy ulibadilika. "Ina sikio moja lililopinda? Na mrija umeungwa kwa risasi?"

"Umeijuaje?"

"Nimeipikia miaka sita." Aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua. Kiganja kilining'inia kama kitambaa. "Mrija ulipovunjika, mwenye shamba akauunga kwa risasi, kwa kuwa bati lilikuwa mbali Mahajanga. Tulikuwa watatu tunaokeneka na kuonja. Mwaka wa pili matumbo yakaanza kukatika, hatwendi chooni wiki nzima. Wa tatu mikono ikalegea. Mmoja akafa. Mvuke unalamba ile risasi, unashuka nayo chupani. Mwenyewe alijua, alikuwa akinywa ya chombo kingine. Halafu nikavuka kurudi bara kupitia bandari ya Antsahampano na mkono huu, nikaambiwa nimeadhibiwa na Mungu wenu."

Sittina aliona Maulidi, watu mia tatu, watoto mbele, kila mmoja akipewa sharubati iliyotiwa marashi ya mkono wake.

"Jambo hili lilikuwa likija kwetu sote," akasema, akaanza kulia, na Soazafy, ambaye hakuwa na deni lolote la kumbembeleza, alimbembeleza.

"Acha. Sufuria si mbaya. Shaba yake ni nzuri, nakwambia mimi niliyeisugua miaka sita. Kateni pale penye risasi, pote, isibaki hata chembe. Mrija utakuwa mfupi, haidhuru. Fundi wa bati wa sokoni aunge upya kwa bati safi, na ndani apake bati. Halafu keneka maji na ndimu, umwage. Keneka maji matupu, umwage. Ndipo utie ua."

"Njoo unisimamie," akasema Sittina. "Alhamisi. Njoo nyumbani kwangu."

"Kwa wapi? Kwa juu ya kitalu?"

"Kwa mlangoni."

*

Mchangama mwenyewe aliikata risasi, akaikwangua mpaka shaba ikang'aa nyekundu, na hakukubali kuikabidhi kwa fundi wa bati mpaka ameipitishia kidole mara mbili. Alikuwa amekwisha kusimuliwa habari ya mkono. Jumatano walikeneka maji na ndimu, wakamwaga. Wakakeneka maji matupu, wakamwaga. Safari hii Mchangama alikanda unga kwa mkono wake uliofungwa kitambaa, akiubonyeza kuzunguka kofia taratibu sana, kama anayeogopa kuuamsha.

"Usikaze," Sittina akamwambia.

"Sikazi, bibi. Naona haya tu kuziba kitu kwa chakula."

Alhamisi asubuhi waridi zilichumwa na umande wake. Soazafy alifika amevaa lamba jipya, shuka la kujitanda, akaingia kwa mlango mkuu, akakalishwa kwenye mkeka karibu na moto. Bi Kultumu alipofika na Mwalimu Useni na kumkuta pale, alibaki amesimama.

"Huyu naye?"

"Huyu ndiye fundi, shangazi," akasema Sittina. "Bila yeye ningewapeni sumu." Akaeleza yote, habari ya risasi, habari ya tumbo, habari ya aliyekufa. Soazafy aliuweka mkono wake wa kulia juu ya goti mahali pa kuonekana. Bi Kultumu aliutazama mkono ule ambao kwa miaka alikuwa ameutolea hadithi. Akatafuta mahali pa kukaa, na mahali palipobaki palikuwa kando ya Soazafy.

Sittina alipuliza mrijani, pumzi ikapita. Moto mdogo. Baada ya kitambo unga ulipasuka mahali pamoja, ukafanya fyuuu kidogo, na Mchangama akaruka kando. Soazafy alichovya kidole majini, akabandika kipande kibichi, fyuuu ikanyamaza. Tone la kwanza lilidondoka, la pili, kisha mfululizo mwembamba. Kikombe cha kwanza Sittina alikimwaga, ndiyo sheria. Cha pili alikikinga, na harufu ya waridi ikatoka ikawafikia wote, safi, bila papa wala toaka.

Mwalimu Useni alinusa, akafumba macho, akanusa tena. "Nani ataonja kwanza?" akauliza.

"Mimi," akasema Sittina. Akanywa funda, akampa Soazafy kikombe kilekile. Soazafy alikigeuzageuza mkono wa kushoto, akaonja kwa ncha ya ulimi kama alivyoonja miaka sita, akangoja. Ua mzima ulingoja naye.

"Hamna," akasema. "Ile ladha tamu ya risasi hamna. Ni waridi tupu."

Mwalimu alinyoosha mkono, akapokea kutoka kwake, akanywa. "Yaende msikitini," akasema, akakirudisha kikombe. Bi Kultumu alikitazama kikombe kilivyozunguka, midomo kiliyokwisha kuipitia. Kila mtu aliona anavyopigana na nafsi yake.

"Mmenibakizia?" akauliza.

Walimbakizia. Alikunywa, akafuta mdomo, akasema ya Muskati yana nguvu zaidi kidogo, na hakuna aliyembishia, maana walijua ndivyo anavyokubali.

Wageni walipoinuka, Sittina alijaza mrashi marashi mapya. Alimnyunyizia Mwalimu, akamnyunyizia shangazi. Soazafy alikuwa ameshafika karibu na mlango. Aliijua desturi ile kwa kuisikia tu, na hakutaka kuonekana anaisubiri.

"Soazafy, dada yangu. Ngoja."

Alirudi, akakinga kiganja cha kushoto. Sittina alitikisa kichwa.

"Yote miwili."

"Huu haujui kukinga."

Sittina aliuinua mkono ule uliolegea, akaukalisha ndani ya kiganja chake mwenyewe ili usianguke, akamimina. Marashi yalijaa humo, yakapenya kati ya vidole vyao yakadondoka juu ya majivu, naye aliendelea kumimina.